Kwa Nini Safari Zetu za Ghuba ya Chwaka Hazina Saa Maalumu

Kila anayepiga simu huuliza, "Mnaondoka saa ngapi?" Nasi humuuliza kwanza anakuja tarehe gani, kisha tunahesabu mwezi. Wengine hudhani tunawazungusha.

Ghuba ya Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, ni pana lakini kina chake ni kidogo. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Ukifika saa nne hiyo utaikuta ngalawa imekaa mchangani, na upondo, mti wa kusukumia chombo, hausaidii kitu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki hivi mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa asubuhi wala hayatoki mbali. Wenye watoto na wazee tunawashauri siku hizo.

Anayetaka kuwaona kinamama wakivuna mwani achague bamvua. Aje mapema, atembee pwani kavu na viatu miguuni kwa sababu ya mawe makali na miba ya bahari, kisha mchana apande chombo kwenda Michamvi Kae. Kwa gari utazunguka hadi Paje na Bwejuu. Kwa tanga unakata ghuba, mikoko ya Jozani ikionekana upande wa kusini. Safari hii haina wateja wengi, sijui kwa nini, maana sisi ndiyo tunayoipenda.

Kusi likivuma, rasi ya Michamvi hutukinga kidogo. Kaskazi, Desemba hadi Februari, huingia moja kwa moja mdomoni mwa ghuba. Nahodha akisema leo hatutoki, hatubishani naye: tunakurudishia fedha au tunakusogezea siku.

Mjini Chwaka tunapita dikoni, samaki wanaponadiwa. Tasi, changu na pono huondoka upesi, na mnadi hasubiri mtu afikirie. Ukitaka tasi wa kuchoma, mwambie kijana wetu akununulie. Ukijiropokea bei kwa mzaha utabebeshwa mtungo mzima. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nguo za kuogelea ziishie chomboni, mjini jifunge kanga au vaa suruali.

Ijumaa hatutweki tanga mpaka watu watoke msikitini, hata maji yawe yamejaa vipi.