Mume wangu ameacha wanga, sukari imeshuka, lakini usiku silali

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Kiboriloni hapa Moshi. Mume wangu ana kisukari aina ya pili, huu mwaka wa saba, na presha pia. Mwezi wa tatu alitangaza kwamba hagusi tena wanga: ugali, wali, chapati, viazi, hata ndizi. Mchagga aache ndizi! Nilidhani ni maneno ya wiki moja.

Kweli ameacha. Nikipika machalari yeye huchota nyama na mchuzi, ndizi anawaachia watoto. Mama mkwe akishuka kutoka Kibosho na mkungu wake, ananigeuzia uso mimi, kana kwamba ndiye niliyemkataza mwanawe.

Nafuu ameipata, siwezi kuificha. Kutoka kilo 98 amefika 86. Sukari ya asubuhi kabla hajala ilikuwa 11, mara 12. Sasa ni 6. Zamani kamlima kadogo tu kalimtoa pumzi, leo anakwenda soko la Mbuyuni kwa miguu. Mpwa wangu anayesomea uuguzi aliniambia kilo za mwanzo nyingi ni maji, kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini hukaa pamoja na maji, ukiisha nayo yanatoka. Sawa, lakini hii ni miezi mitano, na mikanda yake yote nimeitoboa matundu mapya.

Kinachonitisha ni dawa. Anameza metformini na glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, kwa kipimo kilekile cha wakati wa ugali. Mwezi uliopita, saa nane usiku, nilishtuka shuka limelowa jasho. Anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikampima: 2.9. Nilikoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji nikamnywesha taratibu, na baada ya kama robo saa ndipo akaniita jina langu. Mpwa alinieleza kwamba glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala wanga, ndiyo maana inaweza kumshusha namna ile. Dawa za presha nazo sijui kama bado zinamfaa kwa kiasi kile, maana akisimama ghafla anashika ukuta.

Halafu mafuta. Supu ya kongoro kila asubuhi, kitimoto mara tatu kwa wiki, mboga za majani anazionja tu. Choo anapata kwa shida. Lehemu, yaani mafuta kwenye damu, hajapima tangu aanze.

Kliniki hataki kusikia. Mara ya mwisho mhudumu mmoja alimkaripia mbele ya watu kwa kuacha ugali, hakumuuliza hata vipimo vyake vimekuwaje. Aliumia sana, na sikumlaumu. Sasa nikigusia daktari, ananijibu kwamba huko Marekani walianza kuwapa wagonjwa wa kifafa mlo wa namna hii tangu 1921. Namwambia wale walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, sisi tuko wawili chumbani na bakuli la sukari.

Mshauri, sitaki arudi alikotoka. Naomba unisaidie: je, ipo njia ya katikati, kwa mfano ndizi mbili, maharage, mboga nyingi, na samaki badala ya kitimoto, bila kupoteza alichokipata? Na nimwambieje kuhusu daktari ili asione nami nimejiunga na waliomkaripia? Shemeji yangu ananishauri niifiche glibenklamidi kimyakimya. Kuificha naogopa, maana mimi si mganga na sukari inaweza kupanda. Kumpa naogopa pia, kwa nilichokiona usiku ule.

Jioni hii ataniuliza tena kidonge chake kiko wapi.

Mama wa watoto watatu,
Kiboriloni, Moshi