Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kambi ya likizo ya Juni, Kitulo

Ndugu wanachama, wazee wangu, kina mama na vijana wote wa grupu, kamwene. Katibu ameniomba taarifa iwe fupi. Nitajaribu, ila mwaka huu yamesemwa mengi na mengine yamesemwa nikiwa sipo, kwa hiyo mtanivumilia.

Shughuli nyingi mnazijua na picha mliziona. Kambi ilifanyika Juni kama kawaida, huku Kitulo, nyanda za juu kusini, watoto 46, wengi wa Dar na Mbeya, wachache wa Njombe na Makambako. Walitembea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo na waongozaji, walienda shamba la mifugo kuangalia ng'ombe wa maziwa wakikamuliwa, walicheza mpira, walipika, siku ya mwisho wakaimba na wazazi waliofika wakala nao. Watoto walifika salama na wakarudi salama, hilo naomba liandikwe kwa herufi kubwa. Kuna mtoto wa Kigamboni aliuliza kama huku nako ni Tanzania, maana asubuhi alikuta utando wa barafu juu ya ndoo akaubeba mkononi kwenda kuwaonyesha wenzake, ukamwishia njiani.

Somo lililowakaa zaidi wala halikuwa kwenye ratiba. Asubuhi moja tuliwapitisha kwenye vinyungu, yaani bustani, vya mama mmoja jirani, wakaona viazi vya bondeni majani yameungua na baridi, meusi kabisa, lakini vile vya mteremkoni hatua chache tu juu viko kijani. Yule mama akawaeleza mwenyewe kwamba usiku mbingu ikiwa safi joto lote linapaa na baridi inashuka kukaa bondeni kama maji, ndo maana wazee walijenga mgongoni mwa kilima. Mimi nilisimama pembeni nikasikiliza na mimi.

Sasa tuje kwenye maneno. La kwanza, kuna wanaosema kila mwaka kwamba kambi ihamie Desemba kwa sababu ndo maua yapo. Ni kweli, maua ya Kitulo yanaanza Novemba hivi mpaka Aprili, na hifadhi yenyewe ilianzishwa 2005 hasa kwa ajili ya mimea, ya kwanza ya aina hiyo kwenye nchi za joto za Afrika, watu wanaiita Bustani ya Mungu, mimi nani nibishe. Lakini Desemba ni mvua na ukungu. Njombe hadi Makete sasa ni lami, sawa, ila kutoka pale kupanda juu mnaijua wenyewe, na upande wa Chimala kuna Hamsini na Saba, kona hamsini na saba za kupanda ukuta wa mlima. Basi lenye watoto kwenye kona zile na tope, mimi siweki sahihi. Na Desemba nyie wenyewe mnafunga maduka Kariakoo mnapanda nyumbani kula sikukuu, nani atabaki kambini kulea watoto wa wenzake? Juni ni kavu, kuna baridi, lakini baridi unaivalia, tope huwezi kulivalia. Hilo kwangu limeisha.

La pili ndo lenyewe. Majiko ya mkaa.

Kwa faida ya wale walioondoka kwenye grupu kwa hasira na wakarudi baadae kimya kimya, ilikuwa hivi. Kambi yetu iko pembeni ya uwanda, zaidi ya mita 2,500, mabweni ya kuazima, sakafu ya saruji, madirisha madogo. Miaka ya nyuma desturi ilikuwa jioni linawashwa jiko la mkaa, linakaa katikati ya bweni, mlango unafungwa, watoto wanalala. Mwaka huu nikasema jiko haliingii bwenini usiku. Sikushauriana na mtu, nilisema, na ningeulizwa leo ningesema hivyo hivyo. Kilichofuata mnakijua, wazazi watatu walikuja kuchukua watoto, mmoja akaandika kwenye grupu kwamba mwenyekiti anagandisha watoto ili aonekane anabana matumizi, na ile voisi ya dakika nne nimeambiwa imefika mpaka Tunduma.

Naomba nieleze kwa utulivu. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, na ule moshi mnaouogopa unakuwa umeshaisha, jiko limekuwa jekundu zuri, watu wanaona sasa ndo salama. Hiyo hewa ikiingia mwilini inashika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Aliye macho kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu, anaishiwa nguvu, watu wanadhani malaria au amechoka safari. Aliyelala haamki. Ongeza na kwamba huku juu hewa yenyewe ni nyepesi, ukilinganisha na Dar ni karibu robo imepungua, mtoto wa pwani akipanda tu anahema. Halafu unamuwekea na jiko. Wanaoniambia "mbona sisi tulikua hivyo hivyo" nawajibu kwamba nyumba tulizokulia zilikuwa za miti na nyasi, upepo unaingia kila upande, ule moshi ulikuwa na pa kutokea. Bweni la bati na saruji na milango ya kubana ni kitu kingine. Na wengine waliokua hivyo hivyo hawapo hapa kusimulia.

Na sikuishia kukataza. Kuna watu wanapenda sana kunukuu nusu ya habari. Baridi ya usiku kwa mtu aliyelala nyingi inatoka chini, kwenye saruji, sio juu. Mablanketi matatu juu na godoro la inchi mbili chini ni kujidanganya. Kwa hiyo tuliomba maboksi matupu kwenye maduka, tukayafungua, tukayatandika tabaka tabaka chini ya kila godoro. Jioni jiko linawaka nje chini ya banda, maji yanapashwa, kila mtoto anajaza chupa yake, maji ya moto ila sio yanayochemka maana ile plastiki inalegea, anaivalisha soksi anaingia nayo kitandani miguuni. Soksi kavu za kulalia, sio zile za mchana zenye jasho. Kofia kichwani. Uji saa mbili usiku. Matroni wawili wanazunguka. Walilala. Tuliugua mafua na vikohozi, ndiyo, watoto wawili walipelekwa zahanati wakarudi siku hiyo hiyo, nao wako wazima.

Hapo ndo inakuja hela. Mablanketi 92, kila mtoto mawili, kwa shilingi 25,000, na magodoro mazito 30 kwa 45,000, jumla milioni tatu na laki sita na nusu. Zilitoka kwenye fungu la kununua kiwanja cha kambi, lililokuwa na milioni nne na laki moja, limebaki laki nne na nusu. Ndiyo, fungu la kiwanja, lile la kiwanja ambacho tumekizungumzia tangu watoto wengine wa mwaka huu hawajazaliwa. Kamati ina watu tisa, niliwapigia simu usiku ule ule, watano walikubali, wawili hawakupokea, mmoja alisema atanipigia, bado namsubiri. Kifungu cha dharura kwenye katiba yetu kinaruhusu. Wanaosema dharura ni moto na mafuriko tu wakasome tena, imeandikwa usalama wa watoto. Mzigo niliufuata mimi mwenyewe Mbeya na fuso la kukodi, nikapanda nalo Hamsini na Saba jioni na ukungu juu yake, mafuta ya gari langu mpaka mjini sijadai hata mia, mweka hazina shahidi. Na mablanketi hayajaliwa. Yapo, yamefuliwa, yamefungwa kwenye viroba na dawa ya nondo, mwakani hatununui.

Hesabu za kambi yenyewe kwa ujumla: ada ya kambi 120,000, waliolipa kamili ni 38, zimeingia milioni nne, laki tano na sitini. Matumizi basi milioni moja na laki tisa, chakula milioni moja laki sita na nusu, wapishi na matroni laki sita, hifadhi na waongozaji laki tatu na themanini. Salio elfu thelathini. Risiti ziko kwa mweka hazina, anayetaka kuziona aje, asitume mtu. Kwenye chakula kuna waliolalamika kuni zimekuwa nyingi. Jamani, kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, hayafiki 100, maharage unayochemsha Dar kwa saa mbili kule yanakutazama tu. Tulikuwa tunayaloweka tangu jana yake na bado. Mwanachama mmoja akiguswa atuchangie sufuria kubwa ya presha, tutashukuru.

Ada za uanachama sasa. Tuko 74. Waliolipa 60,000 ya mwaka ni 29. Yaani 45 hawajalipa, hizo ni milioni mbili na laki saba ziko mifukoni mwenu huku mnaniuliza kwa nini nimegusa fungu la kiwanja. Nimeangalia orodha, sitataja mtu, lakini yule wa voisi ya dakika nne hajalipa huu mwaka wa pili. Mkutano mkuu walikuja 17, akidi haikutimia, tukasubiri, tukanywa chai, tukaahirisha. Msiba wa mwanachama tunajaa magari matatu, harusi tunashona sare, mkutano wa watoto wetu wenyewe kila mtu ana udhuru. Mmoja alituma meseji kwamba kuna baridi.

Mipango ya mbele ipo. Mungu akipenda tupate kiwanja mteremkoni, sio bondeni, mmesikia ya yule mama. Tunafikiria banda la kuotea moto lenye dohani ya kueleweka, tunafikiria maji ya moto ya sola kwani jua la mchana kule Juni ni kali, na kuna mtu amesema anamjua mfadhili, tunaendelea kumfuatilia. Mabomba ya juu juu yanaganda alfajiri, tukipata nafasi tutayafukia. Kwenye ratiba ya mwakani tumeongeza somo la vikanda, vile viazi vya okidi vinavyochimbwa kwenda kuuzwa Zambia, watoto wajue kwa nini maua yanapungua.

Mkutano ulioahirishwa utaitishwa tena, tarehe katibu atatangaza, njooni hata na koti. Uchaguzi utakuwa siku hiyo hiyo. Fomu za kugombea uenyekiti ziko kwa katibu tangu Agosti, za bure, na kati ya wote walioandika kwamba niachie ngazi mpaka leo hakuna aliyechukua hata moja.

Mwenyekiti