Jeevanjee si jina la bustani tu

Mhariri,

Kila Bustani ya Jeevanjee inapoandikwa magazetini, mwenyewe humalizwa kwa sentensi moja: tajiri wa Kihindi aliyewapa wakazi wa Nairobi mahali pa kupumzikia. Ni kweli aliitoa bustani hiyo, na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa humo mwaka wa 1906. Lakini siasa zake huachwa nje, na yanayobaki mara nyingi yana makosa.

Tuanze na jina. Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa Mbohora, yaani Mwislamu wa jamii ya Kishia yenye asili ya Gujarat, mzaliwa wa Karachi mwaka wa 1856. Lake mwenyewe ni Alibhai; Mulla Jeevanjee ni la baba. Ndiyo maana nduguye Tayabali naye huonekana katika nyaraka kama T.M. Jeevanjee. Asiyeitazama vizuri herufi ya kwanza atampa mmoja kazi ya mwenzake.

Kosa kubwa zaidi ni la reli. Wafanyakazi 31,983 kutoka India ni jumla ya mradi mzima wa Reli ya Uganda, si watu walioletwa na Jeevanjee peke yake. Yeye alikuwa mkandarasi: kampuni yake iliwaleta wafanyakazi wa mwanzo na kupeleka chakula na vifaa. Kati ya hao wote, 2,493 walifia kazini na 6,724 tu ndio waliobaki mikataba ilipokwisha. Kwa hiyo hata ile kauli kwamba Wahindi wa Kenya ni wajukuu wa wajenzi wa reli haisimami. Wengi ni uzao wa wafanyabiashara na mafundi waliojilipia nauli.

Gazeti la African Standard alilianzisha Mombasa, akaliuza mwaka wa 1905. Chini ya wenyewe wapya likaitwa East African Standard na kugeuka sauti ya walowezi, watu wale wale waliompinga.

Katika Baraza la Kutunga Sheria la serikali ya kikoloni alikuwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Wengine huandika 1909, wengine 1910. Linaloniudhi si tarehe bali neno "alichaguliwa". Aliteuliwa na serikali. Hakuna Mhindi aliyepiga kura. Mtu mmoja kati ya maofisa na walowezi angeweza kusema, asingeweza kushinda. Ndipo mwaka wa 1910 akapeleka malalamiko London, na 1912 akachapisha Bombay kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Hoja zake zilikuwa wazi: kwa nini Mhindi azuiwe kununua shamba katika nyanda za juu, ardhi yenye rutuba iliyotengewa Wazungu, na kwa nini asiwe na sauti sawa na Mzungu ilhali wote ni raia wa mfalme mmoja?

Wanaomsifu nao wasikwepe upande wa pili. Mwaka huo huo wa 1910 alipendekeza nchi hii iunganishwe na India. Mwafrika, mwenye ardhi, hakuulizwa. Usawa aliopigania ulikuwa wa Mhindi na Mzungu. Hati ya Devonshire ya 1923, tamko la sera la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, ilipotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, iliwanyima Wahindi orodha moja ya wapiga kura pamoja na Wazungu, na nyanda za juu zikabaki za walowezi.

Jeevanjee alifariki mwaka wa 1936, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imekwisha. Mwaka wa 1991, palipokuwa na mpango wa kujenga maegesho ya ghorofa ndani ya bustani, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani hadi mpango ukaachwa. Baadaye aliandika maisha ya babu yake. Bunge la Mwananchi, linalokutana humo kujadili siasa, lina uwanja wa kukalia kwa sababu ya vita hivyo.

Naomba basi makala ijayo itaje kiti chake barazani na namna alivyokipata, pendekezo lake la 1910, na jina la Zarina.

Msomaji wenu,
Nairobi