Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Dawati la Malalamiko: Ripoti Zetu Zisomwe na Mtu

Ndugu Mkuu wa Dawati la Malalamiko,

YAH: ANWANI ZA MTANDAO WAKO ZINAZOSHAMBULIA SEVA ZA WATU WENGINE

Nakusalimu na kukutakia kazi njema. Hatujuani kwa sura. Kama unanijua, basi unanijua kwa namba za tiketi, maana nimekuandikia mara kumi na moja tangu mwaka uanze, na mara zote aliyenijibu ni mashine. Leo nakuandikia hadharani. Jina la kampuni yako ya huduma za mtandao sitalitaja, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanawahusu pia wenzako wengi wanaokalia kiti kama chako, na kwa sababu ninachokihitaji kwako ni msaada.

Ninasimamia seva moja ndogo. Inabeba barua pepe na tovuti ya kikundi cha watu wanaojitolea, na hakuna anayelipwa kuitunza. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, barua zilianza kuchelewa, nikafungua kumbukumbu za seva nione kulikoni. Nikakuta mstari juu ya mstari wa majaribio ya kuingia kupitia mlango namba 22, ule wa SSH (njia ya kuendesha seva ukiwa mbali), kwa majina ya akaunti yanayozoeleka: root, admin, test, oracle, root tena, kila baada ya sekunde mbili tatu, kila safari kwa nywila nyingine. Anwani ilikuwa moja. Nikaifungia nje. Haukupita muda ikaja jirani yake, wanatofautiana tarakimu ya mwisho tu. Nikaifungia nayo. Ikaja ya tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufunga mlango wangu kunaniokoa mimi peke yangu. Mashine ile ikinikosa mimi inahamia kwa mwingine, ambaye pengine nywila yake ni dhaifu kuliko yangu. Anayeweza kuizima ni yule anayeimiliki au anayeipa njia ya kutokea. Kwa hiyo nikaanza kujifunza kuripoti.

Nakueleza nilivyojifunza ili ujue ripoti moja inamgharimu nini anayekuletea.

Anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, kwa macho ni tarakimu tupu, lakini kila anwani ina mwenye kuijibu. IANA, taasisi inayosimamia namba za intaneti duniani, hugawa mafungu makubwa kwa sajili tano za kanda, yaani AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC, nazo huyagawa kwa kampuni kama yako. Majibu ya nani kapewa nini yako wazi kwa yeyote. Unaandika neno whois na anwani mbele yake, mathalani 203.0.113.7 (hiyo imetengwa kwa ajili ya mifano, hivyo haimsingizii mtu), na sajili inakurudishia rekodi. Utaratibu huo wa WHOIS uliandikwa tangu mwaka 1982. Siku hizi kuna RDAP, utaratibu mpya wa kuuliza hayo hayo, iliyosanifiwa mwaka 2015, na mimi naipenda zaidi kwa kuwa inakupeleka yenyewe hadi kwenye sajili inayohusika na majibu yake yana mpangilio mmoja. Humo ninatafuta fungu ambamo anwani imo, jina la aliyekabidhiwa, na sanduku la kupokea malalamiko. Mara nyingi sanduku hilo huanza na neno abuse, jina lililowekwa kuwa la kawaida mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2142, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti. Kwa hiyo wewe ndugu yangu hukuwekwa hapo kwa bahati. Kiti chako kilitengwa zamani, na kilitengwa kwa ajili ya barua kama zangu.

Kazi haiishii hapo. Anwani za toleo la nne (IPv4), kama hiyo ya mfano hapo juu, hazifiki bilioni 4.3, na akiba ya IANA ilikwisha Februari 2011. Tangu hapo mafungu yamekuwa yakiuzwa na kukodishwa, mtu wa kwanza kampa wa pili, wa pili kampa wa tatu. Rekodi ya juu inaweza kutaja kampuni ambayo haijaigusa mashine yenyewe kwa miaka. Nimejifunza kushuka hadi fungu dogo kabisa lililoandikwa, na kutouamini upesi ule uitwaji wa kinyume, yaani jina linalotokea ukiuliza anwani inaitwaje, kwa sababu anayeliandika jina hilo ni mwenye fungu mwenyewe na anaweza kuandika apendavyo. Nimejifunza pia kutazama aina ya shambulio kabla sijamnyoshea mtu kidole. Aliyefika hadi kujaribu nywila kwenye SSH amepeana mkono na seva yangu kwa TCP, utaratibu ambao pande mbili hujibizana kwanza, maana yake majibu yangu yalimfikia na anwani yake ni ya kweli. Lakini mafuriko ya pakiti (vifurushi vya data) za UDP, utaratibu usiohitaji kujibizana, yanaweza kubeba anwani ya kughushi, na mwenye anwani hiyo pengine ndiye anayeonewa. Waraka wa BCP 38 umewataka watoa huduma tangu mwaka 2000 wazuie pakiti za kughushi zisitoke kwenye mitandao yao. Wapo ambao hadi leo hawajafanya hivyo.

Kuna jambo moja ambalo huwa linanitia hofu kila niandikapo ripoti, nalo ni ramani. Watu wakiona tovuti inayoonyesha anwani iko mji fulani, mtaa fulani, huamini wamemjua mhalifu. Mwaka 2016 iligundulika kwamba shamba moja huko Kansas, Marekani, lilikuwa limeandamwa kwa miaka na polisi, wapelelezi na watu wenye hasira, kwa sababu tu kampuni ya MaxMind, inayokadiria mahali zilipo anwani za IP, iliweka nukta yake ya wastani wa nchi nzima karibu na shamba hilo. Zaidi ya anwani milioni 600 ambazo mahali pake hapakujulikana ndani ya Marekani zilionyeshwa kana kwamba ziko pale. Wenye shamba hawakuwa wamefanya kosa lolote. Tangu niisome habari hiyo sijawahi kuandika mji wala nchi kwenye ripoti zangu. Naandika anwani, muda na kilichotokea. Anayejua mteja gani alikuwa nyuma ya anwani hiyo ni wewe.

Muda nao nauandika kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na saa ya seva naisawazisha kupitia mtandao kwa NTP, kwa sababu najua anwani moja inaweza kuwa ya mteja huyu asubuhi na ya mwingine jioni. Naweka pia namba ya mlango wa upande wa pili, yaani ule aliotokea mshambuliaji. Tangu mwaka 2011 waraka wa RFC 6302 umeshauri seva zinazokabili intaneti zihifadhi namba hiyo, maana watoa huduma wengi, hasa wa simu, wanawapitisha mamia ya wateja nyuma ya anwani moja. Bila muda sahihi na bila mlango, unaweza kumfungia mzee wa watu aliyekuwa anasoma habari, na mshambuliaji akaendelea.

Nakiri mwanzoni nilikosea. Ripoti yangu moja ya siku za awali niliipeleka kwa kampuni iliyokuwa ikikagua kama seva yangu iko hai, huduma ambayo sisi wenyewe tuliiomba. Mtu wa dawati lao alinijibu kwa upole ndani ya saa chache, akanionyesha kosa langu, nikamwomba radhi. Kwa jibu lile nilijifunza kuliko kwa miongozo yote niliyosoma. Ninajua, basi, kwamba sanduku lako linajaa ripoti mbovu: zinazotumwa na programu bila mtu kuzipitia, zisizo na saa, zinazolalamikia 192.168 ambayo ni anwani ya ndani ya nyumba ya mtu. Sikuonei wivu.

Sasa niseme lililonifanya niandike hadharani. Ripoti yangu ya nne kwako ilikuwa imekamilika. Ilikuwa na anwani, muda wa UTC, milango, mistari ya kumbukumbu, na maelezo mafupi juu yake. Baada ya siku mbili tiketi ikafungwa kwa sentensi moja: mteja amearifiwa. Alivyoarifiwa nilikuja kujua baadaye. Ripoti yangu ilipelekwa kwake nzima kama ilivyo, ikiwa na jina langu, barua pepe yangu, na jina la seva yangu. Wiki hiyo hiyo sanduku langu likafurika barua za kujiandikisha kwenye huduma ambazo sijawahi kuzisikia, maelfu kwa siku, na majaribio ya nywila yakaacha root na admin yakaanza kutumia jina langu halisi. Wenzangu kwenye kikundi walikosa barua zao kwa siku tatu. Mmoja wao aliniuliza kwa nini nilichokoza nyuki, na sikuwa na la kumjibu.

Naamini aliyeipeleka hakuwa na nia mbaya. Pengine ni programu iliyopangwa kupeleka kila kinachoingia. Lakini hebu fikiria: mtu anakuja kwako usiku kukuambia ndani ya ua wako kuna mwizi, nawe unamwita mwizi na kumwonyesha nyumba ya aliyekuambia. Baada ya hapo nani atakuja tena?

Upande wa majina ya vikoa, yaani majina ya tovuti, mambo yameanza kusogea. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN, shirika linalosimamia majina hayo duniani, inawataka wasajili wa majina hayo wachukue hatua wakipata ushahidi unaotosha wa programu hasidi, mitandao ya vifaa vilivyotekwa, au kurasa za kuhadaa watu watoe nywila. Kuipokea barua peke yake hakutoshi tena. Kwenye anwani za IP bado tuko nyuma. RIPE NCC hukagua angalau mara moja kwa mwaka kama sanduku la malalamiko la kila mwanachama linafanya kazi, na hilo ni jambo jema, ila sanduku linaweza kufaulu ukaguzi huo kila mwaka bila macho ya mtu kulifikia. Sanduku lako linafaulu. Nimelijaribu mara kumi na moja.

Tena kumbuka kwamba mteja wako mara nyingi ni mgonjwa wa maradhi yale yale. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa orodha ya nywila 60 hivi zilizotoka kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa lilishiriki kuiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tovuti kubwa kubwa zikatoweka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ili ukione sharti mtu wa nje akuambie. Anayeripoti anakufanyia kazi ya ulinzi bila malipo. Ukimpigia simu mwenye ruta ukamwambia abadilishe nywila na asasishe programu yake, umemtibu yeye na umenitibu mimi. Usipofanya hivyo, orodha za kuzuia barua taka kama za shirika la Spamhaus zitaitia anwani hiyo doa, na huenda kesho ukampa mteja mwingine asiye na hatia, ambaye barua zake hazitafika na hatajua kwa nini.

Ninachokuomba ni hiki. Ondoa jina na barua pepe ya mlalamikaji kabla ripoti haijamfikia mteja, isipokuwa mlalamikaji mwenyewe ameruhusu. Hili ni la kwanza, na kama utalitimiza hilo pekee nitakushukuru. Kisha weka mtu, hata mmoja, wa kusoma ripoti zenye ushahidi kamili. Zilizoandikwa kwa umbo la ARF, mpangilio wa ripoti unaosomeka na programu, ambalo limekuwepo tangu mwaka 2010, programu yako inaweza kuzitenga yenyewe ili mtu huyo asizame kwenye takataka. Usitulazimishe kufungua akaunti kwenye tovuti yako ili tukujulishe kwamba mashine yako inatushambulia. Na ukifunga tiketi, andika kilichofanyika: mashine imezimwa, mteja amesafisha, au ushahidi haukutosha. Hilo la mwisho nalo ni jibu, nami nitarudi na ushahidi bora.

Tiketi yangu ya kumi na moja ingali wazi. Niliituma juzi, ina mistari kumi na miwili ya kumbukumbu, saa zote ni za UTC. Safari hii nimeiandika kwa barua pepe niliyoitengeneza kwa kazi hiyo tu, na jina la seva nimelifuta. Anwani iliyomo imegonga tena asubuhi hii nikiwa katikati ya barua hii. Nakuomba uifungue mwenyewe.

Wako,
Msimamizi wa seva moja ndogo