Muuzaji aseme wazi: bila mnara haiongei

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka mingi, lakini taarifa yenu kuhusu redio koli za laini, yaani redio za kubonyeza na kuongea zinazotumia laini ya simu, zinazouzwa hapa Dodoma imenikera. Mmeyabeba maneno ya wauzaji kama yalivyo: umbali hauna mwisho, hakuna gharama ya dakika, simu ya kawaida imepitwa na wakati. Hamkumwuliza hata muuzaji mmoja sauti hiyo inapita wapi.

Inapita kwenye mnara uleule wa simu. Kifaa kina umbo la redio, antena nene na kitufe ubavuni, lakini ndani yake ni simu yenye laini na bando. Ukibonyeza, ombi linakwenda kwenye seva, seva inaangalia kama kuna mwingine anayeongea, ikikupa nafasi unasikia mlio, ndipo uongee. Redio ya upepo ya kweli, ile ya masafa ya VHF ya wati 5 isiyo na laini, haipitii huko. Inaongea redio kwa redio moja kwa moja, mjini pengine kilomita mbili tatu, na hata umeme ukikatika mpaka betri za mnara zikaisha, yenyewe inaendelea. Umbali usio na mwisho unaotangazwa unaishia pale kava ya intaneti inapoishia. Nyuma ya vilima vyetu vya mawe kuna sehemu simu inashika 2G tu, mtandao wa zamani wenye intaneti ya polepole. Hapo mtu akipiga simu ya kawaida husikika vizuri, huku redio ya laini inakatakata maneno au haitoi kitu.

Wanaosifia kitufe hiki hupenda kuitaja Marekani. Ni kweli kampuni ya simu ya Nextel iliendesha huduma ya kubonyeza na kuongea huko kwa mafanikio, lakini kwa mtandao wake wa iDEN ulioandaliwa kubeba mazungumzo ya namna hiyo, na ulizimwa Juni 30, 2013. Hizi za madukani kwetu zinapanda intaneti ya wote, zikigombea nafasi na watu wanaotazama video.

Gharama nayo imefichwa. Sauti ya kilobiti 16 kwa sekunde, ukiongeza mzigo wa pakiti, yaani data ya ziada inayoifungasha sauti hiyo, hufika kama kilobiti 32, yaani takriban KB 240 kwa dakika. Kwenye kundi la watu kumi, mmoja anatuma na tisa wanapokea, kwa hiyo dakika moja inakula karibu MB 2.4, na kila laini inakatwa fungu lake. Si data nyingi. Hatari ni kwamba bando la mlinzi likiisha usiku wa manane, yeye ametoka hewani na huenda asijue mpaka atakapobonyeza. Simu ya kawaida isiyo na salio bado inapokea! Halafu kuna ada ya seva, ambayo vifaa vingi huja nayo ikiwa imelipiwa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha bila kulipia, kitufe hakimwiti mtu.

Linaloniudhi zaidi ni kuambiwa kwamba kifaa hiki ni salama kuliko simu. Wengi hubonyeza na kuongea papo hapo bila kusubiri mlio, na silabi za mwanzo zinamezwa. Kwa Kiswahili, katazo linakaa mwanzoni mwa neno. Msimamizi anasema "Usishushe!", aliye kwenye winchi anasikia "...shushe!", naye anashusha. Kwenye simu ya kawaida mngesikilizana kwa pamoja na mwenzako angekukatiza hapo hapo. Hapa anayeongea ameshika nafasi, wengine wamefungiwa nje mpaka aachie kitufe au seva imkate, mara nyingi baada ya sekunde 60, isipokuwa kama kuna aliyepewa kipaumbele kwenye mfumo. Kama huduma ni programu ndani ya simu ya Android, simu huilaza ikikaa mfukoni na ujumbe unafika umechelewa. Dawa ni kuingia Mipangilio, Programu, Betri, na kuiondolea kizuizi, jambo ambalo maduka hayaelezi. Na kwenye 2G, ukipokea simu ya kawaida data inasimama, kwa hiyo kundi zima halikupati mpaka ukate.

Sipingi kifaa. Kuwatangazia walinzi kumi kwa mpigo ni kazi ambayo simu ya kawaida haiwezi.

Maduka hayohayo yanauza pia redio ndogo za upepo, za masafa ya UHF zenye chaneli 16, 400 hadi 470 MHz, bila kumwambia mnunuzi kwamba masafa yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Mtu anaiwasha kwenye harusi na kuingilia watu walio kazini na masafa yao halali. Akikamatwa, lawama ni zake na muuzaji hayupo.

Napendekeza hivi. Kila boksi la redio ya laini liandikwe kwa Kiswahili, herufi za milimita 10, upande wa mbele: BILA MNARA NA BANDO HAIONGEI. Chini yake itajwe tarehe ambayo ada ya seva inaisha. Kabla ya kupokea hela, muuzaji akiweke kifaa kwenye 2G mbele ya mnunuzi, abonyeze, na mnunuzi asikilize kwenye kifaa cha pili akiwa nje ya duka. Tume ya Ushindani inayo Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Ianze na matangazo mliyoyachapisha.

Fundi wa redio za mawasiliano,
Area C, Dodoma