Kuhusu dawa ya mama

Rafiki yangu, mpe mama shikamoo zangu kwanza. Nimesoma meseji yako, na pale ulipoandika kwamba mapigo ya moyo ya mama yaliyokuwa yanavurugika (atrial fibrillation) yametulia kwaiyo anataka kuacha ile dawa ya kuzuia damu kuganda, nimeona nisilale bila kukujibu.

Iko hivi, misuli ya moyo inapitisha umeme, seli hii inampa mwenzake na ndo moyo unapiga kwa mpangilio. Sasa presha ikikaa juu miaka na miaka, au kisukari, au umri tu, vile vyumba vya juu vya moyo vinatanuka na katikati ya misuli panaota nyuzi nyuzi za kovu, na kovu halipitishi umeme vizuri, ukifika pale unakwama, unazunguka, unarudi ulikotoka, mwisho chumba badala ya kupiga kinatetemeka tu, hata zaidi ya mara 400 kwa dakika! Mapigo mengi yanachujwa kabla ya kufika vyumba vya chini, ndo mana ukimshika mkono unasikia mawili ya haraka, kimya, halafu moja. Na kutetemeka kwenyewe kunaongeza kovu, hapo ndo panaponiuma.

Sa chumba cha juu cha kushoto kina kifuko kidogo pembeni, kama kidole cha glavu. Chumba kisipojikamua damu inatuama mle, bonge linajitunga, likichomoka linaweza kupanda hadi kwenye ubongo na hicho ndo kiharusi. Hatari yake inapanda kama mara 5.

Kovu haliondoki eti kwa sababu wiki hii mapigo yako sawa, na yanaweza kuvurugika usiku yakarudi asubuhi mama asisikie chochote. Ndo mana daktari haangalii mapigo ya leo tu, anaangalia umri, presha, sukari, kama alishawahi kupata kiharusi. Asiache mwenyewe kabisa, na msimbadilishie aspirini, haitoshi kwa hii kazi. Kama dawa anayotumia ni warfarini basi kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, kisirukwe, kwa kawaida wanataka kiwe kati ya 2 na 3.

Ila akiona choo cheusi, au damu isiyokata, au akianguka akagonga kichwa, hospitali saa hiyohiyo, na uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla msingoje kukuche.

Nitumie picha ya boksi la dawa na uniambie anarudi kliniki lini.