Mwanangu, sikiliza mkono wa kushoto

Mwanangu mpendwa,

Umesema umechoka kungoja simu ikuchagulie muziki, unataka kuwatafuta mwenyewe waimbaji chipukizi wanaojipigia piano. Basi nenda kwenye shoo. Ila ujue kwamba katika kumbi ndogo mengi huharibika bila kosa la msanii, na mengine ni kosa lake kabisa. Ukishindwa kuyatenganisha utamwacha mtu mzuri kwa sababu ya waya mbovu.

Fika mapema. Chipukizi ndiye hupewa kufungua shoo, dakika 20 au 30, nyimbo tano sita, na watu wengi huingia yeye amekwisha kushuka. Mfuniko wa piano kubwa hufunguka kuelekea watazamaji, kwa hiyo mpigaji hukaa upande wako wa kushoto, ubavu wake wa kulia ukikuelekea. Kaa upande huo uione mikono. Ukijali kusikia kuliko kuona, simama karibu na fundi mitambo, kwa kuwa yeye husawazisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, pale pale alipo.

Wimbo wa kwanza usihukumu kitu, fundi bado anatafuta viwango. Kuanzia wa pili, sikiliza mkono wa kushoto. Sauti ikiingia, je, mikono inaipisha? Anayejua hupunguza noti anapoimba, kisha hujaza pale anapovuta pumzi. Asiyekomaa huimba huku mkono wa kulia unapiga noti zile zile za sauti, wimbo mzima, kama mtu anayeshika ukuta gizani. Sikiliza pia kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zilizobanana huko chini kwenye besi: hunguruma tu, hata ukumbi uwe mzuri vipi. Halafu tazama mguu. Pedali ya kulia, ile inayoziacha noti ziendelee kuvuma, huachiwa kordi inapobadilika na kukanyagwa tena mara tu kordi mpya inapogongwa. Mguu ukichelewa, ya zamani inabaki juu ya mpya na maneno yanazama. Haya ni yake, lakini mazoezi huyaondoa, usimtupe kwa ajili hiyo.

Nina Simone, mwimbaji aliyejipigia piano, alisomea piano ya klasiki. Mwaka 1954, kwenye baa moja ya Atlantic City huko Marekani, mwenye baa alimwambia aimbe pia au kazi hana. Ukimsikiliza leo utasikia jinsi mikono ile ilivyokuwa na hoja yake yenyewe chini ya sauti. Hicho ndicho cha kutafuta kwa chipukizi: mikono yenye la kusema, inayojua pia kunyamaza.

Sasa yasiyo yake. Kwenye piano, noti za katikati na za juu kila moja ina nyuzi tatu. Unyevu ukibadilika mbao huvimba au kusinyaa, nyuzi zinaachana, na noti moja inatoka ikiyumba, wau-wau-wau. Mwimbaji hapo hana pa kushika. Kinanda cha umeme hakipotezi tyuni, lakini vingi vina vibao 61 badala ya 88, kwa hiyo besi aliyoizoea haipo. Na vinanda vingi huitambua pedali vinapowashwa. Kama mguu ulikuwa juu yake wakati huo, itafanya kazi kinyume: akikanyaga sauti inakatika, akiachia inaburuta. Dawa ni kuzima, kutoa mguu na kuwasha upya. Anayefanya hivyo kwa utulivu katikati ya shoo amepiga kwenye majukwaa mengi.

Tazama na stendi ya maiki. Skrubu ya mkono wa stendi ikilegea, maiki hushuka polepole, kidole kimoja kila beti, naye anaifuata bila kujua: kidevu kinashuka, mgongo unapinda, kifua kinabanwa. Kufika kiitikio cha pili pumzi hazitoshi na noti ndefu zinakatika. Wa nyuma watasema hana sauti. Wewe uliyekaa karibu umeona skrubu.

Usisimame mbele ya spika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100, na si kila ukumbi unaufuata. Beba viziba masikio. Vya wanamuziki hupunguza sauti bila kuyafunika maneno.

Ukimpenda, rudi mara ya pili katika ukumbi mwingine. Kasoro ikimfuata, ni yake. Ikibaki kule, ilikuwa ya mitambo. Linganisha wimbo ule ule: ameushusha ufunguo, yaani anauimba kwa noti za chini zaidi? Hiyo mara nyingi ni busara, ameijua sauti yake. Bado anaubadilisha mwisho? Vizuri, wimbo unakua.

Nyimbo nyingi za chipukizi hazijarekodiwa, kwa hiyo andika mstari mmoja wa kiitikio, tarehe, na jina lake kwa herufi alizoandika yeye. Akiuza rekodi mwenyewe, nunua mkononi mwake na umuulize anapiga wapi tena. Ukiandika kwenye simu, punguza kwanza mwanga wa kioo. Waliokaa nyuma yako wanatazama jukwaa.

Mama yako